Cheka, lakini usiukate

Jumamosi tukitoka Limerick kwenda Galway, huku Ayalandi, nilimwonyesha rafiki yangu, Mtanga, mti mfupi wa miiba pale Latoon, kando ya barabara kuu. Nikamwambia barabara ilipojengwa, mti ule ulinusurika kwa sababu ya majini. Akacheka mpaka machozi. "Kumbe na Wazungu wanao!"

Wanao, bwana. Na hawawataji ovyo: kwa Kiayalandi huwaita watu wema, kama sisi tunavyosema "wenyewe" huku tumeshusha sauti. Mwaka 1999 msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan alionya kwamba hapo ndipo majini wa Munster, jimbo la kusini, hukusanyika kwa vita vyao na wale wa Connacht, jimbo la magharibi. Mti ukikatwa, madereva watakiona. Halmashauri ikauacha, ikauzungushia uzio. Mwaka 2002 shujaa mmoja akaja na msumeno wa mashine, akafyeka matawi yote. Ukachipua tena.

Kicheko sikukijali. Kilichonikera ni neno alilolitoa Mtanga, "ushamba". Mzee niliyepanga kwake ana mti kama huo katikati ya shamba, peke yake. Nimemwona akilima: trekta likifika pale linakata kona, linauzunguka, linaacha duara la majani marefu ambalo hajaligusa tangu arithi shamba. Nikamuuliza, mzee, unaamini haya mambo? Hata kidogo, akasema. Basi si uukate? Alinitazama kama niliyemtukania mama yake.

Mkewe ndiye kiboko. Mwezi Mei, miti hiyo ikiwa myeupe kwa maua, nilileta jikoni kitawi nikijiona muungwana. Alikitupa nje kabla sijavua viatu. Maua hayo ndani ya nyumba huita kifo, wanasema. Na kweli, ukiyasogelea yananuka kama nyama iliyoanza kuharibika.

Habari kwamba kiwanda cha magari cha DeLorean, Dunmurry karibu na Belfast, kilikufa mwaka 1982 kwa mkosi wa mti uliokatwa, hiyo sinunui. Magari hayakuuzika, basi. Lakini nionyesheni kibao cha "usikate miti" kilicholinda mti mmoja kwa vizazi kadhaa bila askari wala faini.

Jioni, njia ya kijijini, Mtanga akaomba tusimame achimbe dawa. Nikasimama. Kulikuwa na mti mmoja tu, wa miiba, katikati ya uwanda. Akashusha kioo, akautazama.

"Sogea mbele kidogo," akasema.