Eti Kalashnikov haikwami?
Jamani hii ya kusema bunduki ya Kalashnikov (AK) haikwami hata uizike matopeni imezidi sasa. Ni imara kweli, vyuma vya ndani vimeachiwa nafasi, pistoni nzito inayosukumwa na gesi ya risasi, na ganda la risasi limechongoka kidogo so linatoka chemba (pale risasi inapokaa ikifyatuliwa) kirahisi, lakini ukishusha ile sefti (swichi ya usalama) pembeni panabaki uwazi mrefu, tope likipenya hapo inakwama tu kama zingine. Na nyie mnaoicheka M16, bunduki ya Wamarekani, kwa kukwama kwake kwenye vita ya Vietnam, mbona hamsemi baruti ilibadilishwa, chemba haikupakwa kromiamu ya kuzuia kutu na askari wengi hawakupewa hata vifaa vya kusafishia? Toleo lililoboreshwa, M16A1 ya 1967, ilirekebisha mengi. Halafu AK ya kiwanda gani mnayoisifia, maana zinatengenezwa nchi kibao na ubora haufanani kabisa.