Mablanketi ya Viraka katika Hadithi ya Alice Walker: Yatumike au Yatundikwe?

Katika hadithi fupi ya Alice Walker iitwayo "Everyday Use", iliyotoka mwaka 1973, ugomvi wote unazuka juu ya mablanketi mawili yaliyoshonwa kwa vipande vya nguo kuukuu. Mama mmoja Mmarekani Mweusi, mkazi wa mashambani huko kusini, anatembelewa na binti yake Dee aliyesoma chuoni, ambaye sasa anajiita Wangero na anaamkia kwa salamu ya Kiganda iliyopotoka kidogo. Dee anayataka mablanketi hayo ili ayatundike. Mama alikwisha kumwahidi mdogo wa Dee, Maggie, msichana mwenye makovu ya moto, kwamba atakwenda nayo siku atakapoolewa.

Wasomaji wengi humhukumu Dee upesi, na hoja zao zina uzito. Alipokuwa akienda chuoni, mama yake alimpa blanketi la namna hiyo akalikataa kwa kuwa, kwa maoni yake, lilikuwa limepitwa na wakati. Anapoipiga picha familia yake, anahakikisha kila mara kwamba nyumba nayo imo, utadhani jamaa zake ni sehemu ya maonyesho. Kwa usomaji huu, blanketi ni ishara ya urithi unaoishi kwa kutumiwa, na kulitundika ni kulikatia uhai.

Hata hivyo, naona usomaji huo unamwonea Dee. Mama anapomtolea mablanketi mengine, yaliyopigwa cherehani kwenye mapindo, anayakataa, kwa sababu anachokithamini ni mshono wa mkono wa bibi yake. Tena hofu yake ni ya kweli. Katika viraka hivyo mna kipande kidogo, kisichozidi kiberiti, kilichotoka katika sare ambayo babu wa vizazi vya nyuma, Ezra, aliivaa wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Dee anasema kwamba Maggie akiyatandika kitandani, baada ya miaka 5 yatakuwa matambara, na kipande cha Ezra kikichanika hakuna wa kukishona upya. Walker mwenyewe, katika insha aliyoichapisha mwaka 1974 kuhusu ubunifu wa akina mama Weusi, analisifu kwa heshima kubwa blanketi la viraka lililotundikwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Mwandishi huyo hawezi kusemwa kwamba anapinga kutundika kwa sababu tu ni kutundika. Isitoshe, hadithi nzima inasimuliwa na mama, na Dee tunamwona kwa macho ya mzazi aliyekwisha kuumizwa naye.

Pamoja na hayo yote, naiunga mkono hukumu ya mama, na sababu naiona katika jibu lake. Dee anapolalamika kwamba yatachakaa, mama anamjibu kwamba Maggie anaweza kushona mengine, kwa kuwa anajua kushona. Alifundishwa na bibi yake na shangazi yake, wale wale walioyaunda haya. Hapo ishara inahama kutoka kwenye kitambaa kwenda kwenye mikono. Walker alikwisha kutuandaa kwa jambo hilo kupitia mchi wa kusukia maziwa, ambao Dee pia anauchukua akaufanye pambo: mama anaushika na kuona jinsi mti ulivyobonyea pale vidole vya watu wa ukoo viliposhika miaka nenda miaka rudi. Dee anauona uzuri wa alama hizo, lakini hana nia ya kuongeza ya kwake.

Lakini hata tafsiri hii haikamiliki, kwa sababu ya Maggie. Yeye anasema dada yake na ayachukue tu, maana anaweza kumkumbuka bibi bila mablanketi. Kama kumbukumbu haihitaji kitambaa, kwa nini basi mama anamnyang'anya Dee na kumwekea Maggie mapajani? Nadhani ni kwa sababu wakati huo hafikirii tena namna ya kuhifadhi urithi. Amemtazama binti aliyezoea kushindwa, anayeachia haki yake kabla hata hajaidai, na kwa mara ya kwanza anamkatalia yule ambaye, kama anavyosimulia mwanzoni, hakuzoea kuambiwa hapana.