Kuacha kubeti kabisa au kujiwekea kiwango: hoja za pande mbili kwa anayejinasua

Mtu aliyekwisha kukiri kwamba kubeti kumemshinda, akaanza kutafuta njia ya kujinasua, hukutana mapema na swali ambalo ndugu zake wengi huliona halina mjadala: aache kabisa, au ajiwekee kiwango na kucheza kidogo kidogo? Kwa familia iliyoshuhudia ada ya shule ikiyeyuka kwa usiku mmoja, jibu ni moja tu. Hata hivyo wanaotetea kiwango wana hoja zao, na hoja hizo zinastahili kusikilizwa, kwa sababu tunazungumzia ugonjwa. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, linauweka uraibu wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya.

Msimamo wa kuacha kabisa ni wa siku nyingi. Gamblers Anonymous, chama cha waraibu wanaosaidiana kilichoanzia Los Angeles mwaka 1957, humtaka mwanachama asicheze hata mara moja, na asijidanganye kwamba dau dogo si kamari. Kwa Muislamu suala lilikwisha kuamuliwa: aya ya 90 ya Suratul Maida inaiweka kamari pamoja na ulevi na kuamrisha iepukwe. Uthabiti huo una faida kubwa, kwani mtu huamua mara moja na hana haja ya kujadiliana na nafsi yake kila Jumamosi asubuhi. Lakini una gharama pia. Kijana ambaye bado hayuko tayari kuacha hatamwambia imamu wala mchungaji kwamba angependa apunguze. Atanyamaza, na akinyamaza hakuna atakayejua deni limefika wapi. Tena aliyeapa kuacha akiteleza mara moja huona ameshaharibu kila kitu, basi humalizia mshahara wote siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo upande wa kiwango unapopata nguvu. Utafiti uliofanywa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2009 uliwapa waraibu wa kamari tiba ambayo lengo lake lilikuwa kujidhibiti, bila kuwalazimisha kuacha. Wapo waliopata nafuu, na wengi wakiwa katikati ya tiba walibadili lengo wenyewe wakachagua kuacha. Mwaka 2010 watafiti waliokuwa wakifuatilia pacha wa Australia walieleza kwamba wengi wa waliowahi kuwa waraibu, na ambao sasa hawakuwa tena na dalili, walikuwa bado wanacheza kamari kwa namna fulani. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa haki kwamba hakuna aliyewahi kupona huku akiendelea kucheza.

Ninachotilia shaka ni kama kiwango hicho kinaweza kushikika katika kamari tuliyo nayo hapa kwetu, inayochezwa kwenye simu. Tuchukue mwongozo wa Kanada wa mwaka 2021, unaoshauri mtu asitumie zaidi ya asilimia 1 ya kipato cha kaya kwa mwezi, asicheze zaidi ya siku 4 kwa mwezi, wala asizoee aina zaidi ya 2 za kamari. Mwongozo wenyewe unatahadharisha kwamba wapo watu wanaopaswa kucheza chini ya hapo au kutocheza kabisa. Kaya yenye kipato cha shilingi 400,000 za Tanzania kwa mwezi itakuwa na 4,000 za kubeti, yaani 1,000 kila wiki. Kwenye karatasi kiwango hicho hakina madhara.

Sasa tumtazame mraibu anavyoitumia hiyo 1,000. Akiiweka kwenye mechi moja yenye odi 1.5, yaani akishinda dau lake huzidishwa mara 1.5, faida yake ni shilingi 500, ambayo haimsisimui hata kidogo mtu aliyezoea kuweka 100,000. Atasuka mkeka, yaani dau moja linalounganisha mechi kadhaa ambazo lazima zote zitiki, wa mechi 10 zenye odi hiyo hiyo, ambao ukitiki wote utamlipa zaidi ya 57,000. Ikiwa kampuni imejikatia asilimia 5 tu katika kila mechi, basi kwenye mkeka wa mechi 10 makato hayo yanajizidisha hadi kufikia takribani asilimia 40 ya dau kwa wastani. Baya zaidi ni kwamba mikeka mirefu huzaa majuto ya aina moja: mechi 9 zimetiki, ya kumi inasawazishwa dakika za nyongeza, mkeka unachanika. Utafiti uliofanywa Cambridge na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba ubongo hulipokea tukio la kukosa kidogo kwa baadhi ya njia zile zile zinazopokea ushindi. Kwa maneno mengine, dau dogo linamsukuma mraibu kuelekea mchezo unaomtesa zaidi.

Kiwango cha dau, tena, hakisemi lolote kuhusu ushindi. Akishinda 57,000 zitabaki kwenye akaunti ya kubetia, atazihesabu kuwa ni hela za kampuni, na usiku ule ule atahamia kwenye mchezo wa kindege, ambapo malipo hupanda kadiri kindege kinavyopaa na asiyetoa hela kabla hakijatoweka hupoteza dau, na ambao raundi yake ni ya sekunde chache. Na ili acheze kidogo ni lazima akaunti ibaki wazi, nayo akaunti iliyo wazi huletewa bonasi na ujumbe wa odi nono kila wikiendi. Mlevi anayejinasua anaweza kubadili njia asipite mbele ya baa. Huyu anatembea na simu ambayo ndiyo anayolipia luku, kodi na sokoni.

Kwa sababu hizo ninaona kwamba, kwa mwenye madeni ya kubeti au aliyewahi kugusa fedha zisizo zake, kuacha kabisa ndiyo njia nyepesi kuliko kujibana, ingawa kwa kuitazama inaonekana nzito zaidi. Kiwango nakikubali kwa yule ambaye akiambiwa aache ataondoka na asirudi tena kwa mshauri, mradi kisikae mikononi mwake peke yake. Mshahara upite kwa mke, mume au dada anayeaminika. Huduma za kukopa kwenye laini zifungwe. Mchezo wa kindege uondolewe kabisa. Ushindi wowote utolewe siku hiyo hiyo na kukabidhiwa. Muda wa jaribio uandikwe, tuseme wiki 8, pamoja na makubaliano kwamba kiwango kikivunjwa mara ya pili akaunti zote zitafungwa kwa maombi yake mwenyewe. Na aliyechagua kuacha naye apewe utaratibu wa kuteleza: ampigie nani usiku ule ule, na fedha iliyobaki ihamishiwe wapi kabla hajaanza kuifukuzia iliyopotea.