Kuzinyima Kuni Seli za Kinga

Aliyewahi kuuguza anaijua ile vita ya kijiko: uji umeshapoa, mgonjwa kageukia ukutani, nawe unabembeleza, "funda moja tu." Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha majaribio yaliyonifanya niitazame upya vita hiyo. Panya walioambukizwa bakteria wa listeria walipolishwa kwa nguvu, walikufa zaidi, na chanzo kilikuwa glukosi. Kwa wenye virusi vya mafua mambo yaligeuka: chakula kiliwalinda, na dawa ya kuzuia sukari isitumike mwilini iliwaua.

Siri imo katika ulaji wa seli za kinga zenyewe. Makrofaji, zile seli zinazomeza vimelea, zikihisi bakteria huacha kuchoma sukari polepole kwa oksijeni. Huivunja upesi upesi na kutema asidi ya laktiki. Maabarani, jambo hili huonekana kwa macho: maji mekundu zinamolelewa seli hugeuka manjano kwa ukali wa asidi. Mwaka 2013 kundi la Luke O'Neill wa Trinity College, Dublin, lilionyesha kwamba katika hali hiyo kemikali iitwayo suksinati hujazana ndani ya seli, na huchochea kutengenezwa kwa interlukini-1 beta, inayoleta homa na uvimbe. (Nasema uvimbe wa joto na maumivu, si wa saratani.) Kumbe kinachoungua jikoni ndicho kinachopiga mbiu ya vita.

Basi pale uvimbe unapogeuka ugonjwa, kwa nini tusizime jiko? Wanaosema hivyo hawaoti. Leflunomidi, dawa ya baridi yabisi, huzinyima limfosaiti, aina nyingine ya seli za kinga, malighafi ya kutengenezea DNA, hivyo zinashindwa kuzaliana. Dimethili fumarati ilitumika Ujerumani kwa ugonjwa wa ngozi wa soriasisi tangu 1994. Mwaka 2018 ikaonekana kwamba hukwamisha kimeng'enya kimojawapo cha kuvunjia sukari. Watu wanazimeza dawa hizi leo na viungo vyao vinanyooka, ngozi zao zinapona.

Lakini moto huohuo ndio unaochoma vimelea. Makrofaji iliyommeza bakteria wa kifua kikuu huutegemea uvunjaji huo wa haraka ili kumdhibiti. Mfano wa hatari tunao, ingawa ulipitia njia nyingine: mwaka 2001 iliripotiwa kuwa wagonjwa 70 waliotumia infliksimabu, dawa inayozuia kemikali ya uvimbe iitwayo TNF, walipata kifua kikuu. Kenya na Tanzania zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kwetu, swali la kimelea aliyelala mapafuni linatangulia kila swali jingine.

Hata hivyo sikubali kwamba kugusa ulaji wa seli ni kumfungulia adui mlango. Metformini, kidonge cha bei nafuu cha kisukari, hugusa mitokondria, yale majiko madogo ya nishati ndani ya seli. Mwaka 2014 ilionekana kwa panya ikisaidia kudhibiti kifua kikuu huku ikipunguza uvimbe mapafuni. Ndiyo maana naelemea upande wa dawa hizi, kwa sharti moja: zijaribiwe pia hapa, kwa wagonjwa wetu, na kila mmoja apimwe kifua kikuu kabla ya kidonge cha kwanza.

Na uji? Panya wa Yale si sababu ya kumnyima mgonjwa chakula. Akigeukia ukutani, nitasubiri kidogo, niupashe moto, nimjaribu tena.