Msimulizi Ana Mkono Mmoja Tu Ulio Huru

Tulikuwa tukicheza mchezo wa kuigiza wa mezani, ule ambao kila mchezaji huigiza mhusika katika hadithi, na mhusika wa rafiki yangu alikuwa akikata roho. Tulikuwa mezani kwa saa tatu, dadu la pande 20 lilikuwa limemgeuka mara tatu, na kwa kanuni tulizozifuata hapakuwa na namna tena ya kumwokoa. Meza nzima ilinyamaza. Mimi niliyekuwa msimulizi, yaani mwendeshaji wa hadithi, nikainamia skrini kutafuta muziki wa maombolezo. Programu ya kupigia muziki niliiandika mwenyewe, ilikuwa na sauti zaidi ya 300 zilizopangwa mafungu kwa mafungu, na nilijua kabisa kwamba wimbo ule umo. Nikashuka, nikapanda, nikafungua fungu hili, nikafunga lile. Nilipoupata, mmoja alikuwa ameshika simu na mwingine ameinuka kujinyoosha. Kinanda kikaanza kulia katika chumba ambamo majonzi yalikwisha kuondoka.

Tangu usiku ule nina msimamo mmoja, na huutetea kila ninapokutana na mtu anayetaka kutengeneza programu ya muziki na sauti za mazingira kwa ajili ya michezo ya kuigiza ya mezani. Sauti zimejaa tele. Kilicho adimu pale mezani ni macho ya msimulizi. Programu inayoyateka macho hayo kwa sekunde 15 imebomoa kuliko ilivyojenga, hata iwe na ngurumo nzuri kiasi gani.

Tuangalie kazi anayoifanya mtu huyu. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, mchezo wa aina hii umekuwa mchezo wa mdomo na sikio. Msimulizi anabeba ramani kichwani, anahesabu majeraha ya maadui, anabadilisha sauti ili awe mlinzi wa lango kisha malkia, na huku anamchungulia mchezaji mmoja ambaye hajasema neno kwa nusu saa. Mkono mmoja uko kwenye dadu na penseli. Ndipo sisi watengenezaji tunapomletea orodha ndefu na kisanduku cha kutafutia, tukidhani tumemsaidia.

Wenzetu wa michezo ya kompyuta hawana shida hii. Mwaka 1991 Michael Land na Peter McConnell wa LucasArts walikuwa na mfumo wao wa iMUSE, ambao uligeuza muziki taratibu kadiri mchezaji alivyotoka chumba kimoja kwenda kingine. Waliweza kwa sababu kompyuta ilijua mlango umefunguliwa lini. Mezani kompyuta haijui lolote. Mlango uko katika maneno, na maneno yanaweza kugeuka katikati ya sentensi. Ndiyo maana kila badiliko la sauti linadai kidole cha binadamu, na kazi yangu kubwa imekuwa kukipunguzia kidole hicho safari.

Basi nilifuta ile orodha. Inabaki kwenye sehemu ya maandalizi, ambako msimulizi hukaa peke yake siku moja kabla, akiwa na utulivu wa kuchagua. Mchezo ukianza anaona miraba sita mikubwa tu. Haiitwi kwa majina ya sauti, inaitwa kwa hali: safari, mapumziko, wasiwasi, vita, maombolezo, fumbo. Kila mraba una namba yake kwenye kibodi. Nimeshaombwa mara nyingi niongeze mraba wa saba na wa nane, na mpaka leo nimekataa, kwa sababu vidole vinakumbuka sita bila kuangalia.

Halafu kuna kimya. Kitufe cha kimya nimekipa nafasi kubwa kuliko chochote, ule mwambaa mrefu wa chini kwenye kibodi. Ukikigusa mara moja, sauti zinafifia kwa sekunde nne. Ukikigusa mara mbili zinakatika papo hapo. Hilo la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote niliyoyatengeneza. Mvua imenyesha saa nzima ndani ya spika, wachezaji wamekwisha kuisahau, kisha inakatika ghafla: vichwa vyote vinainuka. Hakuna ngurumo itakayokupa kitu kama hicho.

Lakini mvua isahaulike kwanza, na hapo ndipo ufundi ulipo. Sikio la mwanadamu ni jasusi. Ukimpa mvua ya sekunde 30 inayojirudia, yenye tone moja linalogonga bati kwa nguvu kidogo, atalisubiri tone hilo kuanzia mara ya tatu, na akishaanza kulisubiri amekwisha kutoka kwenye hadithi. Mwanamuziki Brian Eno alilionyesha jibu katika kazi zake za mwaka 1978, alipozungusha kanda za urefu usiolingana ili zikutane kila mara kwa namna mpya. Ninafanya hivyohivyo. Msitu wangu una upepo wa sekunde 47, majani ya sekunde 61 na kijito cha sekunde 83. Namba hizo hazina kigawo cha pamoja, kwa hiyo zitaanza pamoja tena baada ya saa zaidi ya 66. Hakuna kikao kirefu hivyo. Bundi naye hatakiwi kuingizwa kwenye mzunguko wowote: alie baada ya sekunde 25 au 140, kwa bahati, mara kushoto mara kulia, sauti yake ikipanda au kushuka kidogo. Bundi anayelia kila dakika kamili ni saa ya ukutani.

Kuna kikwazo kilichonila wiki mbili. Kila mzunguko ulipofika mwisho, palisikika kwikwi ndogo. Nilikagua msimbo mstari kwa mstari, nikauandika upya, kwikwi ikabaki. Kosa halikuwa kwenye msimbo. Faili za MP3 hufungasha sauti katika vifurushi vya sampuli 1,152, na wakati wa kuzifungasha huongezwa kipande cha ukimya mwanzoni na mwishoni. Kwa wimbo wa kusikiliza mara moja hutakigundua, ila kwa mto usiotakiwa kukoma ni jiwe kwenye kiatu. Nilihamia Ogg Vorbis, aina nyingine ya faili za sauti, na mto ukatiririka. WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, nayo ingefaa, lakini kwa ubora wa CD inakula takriban megabaiti 10 kwa kila dakika.

Kuhama kutoka hali moja hadi nyingine kulinifunza jambo jingine. Nilidhani inatosha kushusha sauti ya kwanza kwa mstari ulionyooka huku ya pili ikipanda vivyo hivyo. Katikati ya safari zote mbili ziko nusu, na kwa sauti mbili zisizohusiana jumla ya nguvu inapungua desibeli 3. Msikilizaji hawezi kukueleza kilichotokea, ila anahisi chumba kimelegea. Dawa ni kufuata mkunjo wa saini na kosaini (sine na cosine za hisabati), ili katikati kila moja iwe 0.707 badala ya 0.5. Mabadiliko ya mistari miwili ya msimbo, na vita vikaanza kuingia kama vilikuwepo muda wote nyuma ya kilima.

Sasa nifike kwenye sauti ninayoiona kuwa ndiyo mwenye nyumba: ya msimulizi mwenyewe, na za wachezaji. Konsonanti zinazotutofautishia neno na neno hukaa sana kati ya hezi 1,000 na 4,000. Ukiweka filimbi, upepo mkali na panga zinazogongana katika eneo hilohilo, watu wataanza kuulizana “umesemaje?”, na swali hilo huua hadithi kuliko jambo lolote ninalolijua. Kwa hiyo mandhari zangu zote za sauti nimezichonga bonde katika masafa hayo, yaani nimezipunguza nguvu hapo. Zikisikilizwa peke yake huonekana kama zimepooza kidogo, na nimelaumiwa kwa hilo. Sizirekebishi. Hazikutengenezwa zisikilizwe peke yake.

Kelele za klabu ya pombe au sokoni ndizo za hatari zaidi, kwani ubongo huyafuata maneno hata usipoutuma. Natumia rekodi za umati ambamo hakuna neno linaloshikika kwa lugha yoyote. Nyimbo zenye mashairi sizikubali kabisa.

Kwa wanaocheza kwa mbali, programu za mikutano ya video huchukulia mvua kuwa kelele na kuifuta. Suluhisho nililolifikia ni kutopitisha sauti kwenye maikrofoni hata kidogo: kinachosafiri ni amri fupi, “hali ya 3 ianze”, na kifaa cha kila mchezaji kinapiga sauti yake chenyewe. Kivinjari hakiruhusu sauti mpaka mtu aguse kitu, kwa hiyo nimeweka kitufe cha “Ingia mezani”. Faida kubwa ya mpango huu sikuitarajia. Mchezaji anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia, ambaye mandhari yoyote humfunika maneno, anaweza kuishusha kwake peke yake bila kuomba ruhusa wala kuwapunguzia wengine uhondo.

Kuhusu leseni nitasema kwa ukali kidogo. Kwenye Freesound, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika Universitat Pompeu Fabra ya Barcelona, kuna hazina ya rekodi ambazo watu wamezitoa kwa moyo mweupe. Nyingine ni CC0, yaani huru bila sharti, nyingine zinataka jina la mrekodi litajwe, nyingine zinakataza biashara. Siku utakapoanza kutoza ada, hizo za mwisho zote zinatoka. Andika jina na leseni siku ileile unayopakua. Mimi nilichelewa, nikalazimika kufuta sauti nzuri sana kwa kuwa sikujua tena ni za nani. Mtu aliyesimama gizani na maikrofoni kungoja chura alie anastahili kutajwa.

Naulizwa sana kama nitaweka akili unde isikilize mazungumzo na kuchagua muziki yenyewe. Hapana. Mchezaji akitaja joka kwa utani, joka halipaswi kunguruma. Isitoshe, marafiki wanaosimuliana hadithi hawapaswi kuwa na sikio la kampuni katikati ya meza. Na hata kama hayo yangetatuliwa, kuchagua lini mvua ikome ni sehemu ya kusimulia. Siwezi kumnyang'anya msimulizi sentensi yake mwenyewe nikaiita huduma.

Msimulizi mmoja anayenijaribia toleo jipya amebandika kipande cha utepe wenye mkwaruzo kwenye kitufe cha kimya, ili akipapase huku akiwatazama wachezaji wake usoni. Ameniomba nifanye pia kasi ya kufifia ifuate muda anaokibonyeza. Ndicho ninachokiandika wiki hii.