Sisi Tuliokaa Vitini

Nina malalamiko dhidi ya watoa mada wa makongamano ya teknolojia na mitandao ya kijamii, na naomba nisikilizwe, kwa sababu kule kwao sijawahi kusikilizwa wala, tukisema ukweli, kusemeshwa. Mtu unajisajili mapema, unapanga foleni, unavishwa beji yenye jina lililokosewa herufi mbili, unaelekezwa kwenye kiti kilichobanwa na cha jirani hata goti halikunjiki, kisha anapanda jukwaani bwana mwenye kipaza sauti cha shavuni na kuanza kuzungumza na watu wengine kabisa, ambao hawamo ukumbini. Wewe unadhani anakutazama. Hakutazami wewe, anaitazama kamera iliyosimamishwa nyuma ya kisogo chako, na hata ukiinama kufunga kamba za viatu ataendelea kuitazama vilevile bila kugundua kwamba umepungua.

Baada ya kukaa sana kwenye vile viti nimeridhika kwamba sisi wa ukumbini si wasikilizaji. Sisi ni lile pazia lililochorwa maua na ngazi ambalo wapiga picha wa zamani walilitundika nyuma ya mteja: tunatakiwa tuonekane, tusikunjamane, na tusiseme neno.

Ushahidi ninao. Mtoa mada wa kisasa hawezi kuanza kabla hajatupa mgongo. Anasalimia, anachomoa simu mfukoni, anatugeuzia kisogo, anainyoosha juu ili sote tuingie kwenye picha pamoja na tabasamu lake, kisha anatuomba tupunge mikono na kupiga vigelegele. Vigelegele vya nini, ilhali hajasema hata sentensi moja? Siku moja jirani yangu, mzee mmoja aliyevaa koti la heshima, aligoma kupunga. Mtoa mada akaikagua picha, hakuridhika, akamwita kwa upole, "Mzee wangu, tuchangamke kidogo." Mzee akainua mkono nusu, akaushusha. Muda mfupi baadaye, mtoa mada akiwa bado anahangaika kutafuta kidude cha kubadilishia slaidi, simu zetu zilitetemeka: picha ilikuwa imekwisha kuwekwa mtandaoni, pamoja na maneno ya kuushukuru ukumbi mzima kwa jinsi ulivyoguswa na mada yake. Mzee akaisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, tumeguswa saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Mada yenyewe ikianza hatimaye, inakuja kwa vipande vilivyokatwa tayari kwa ajili ya kuposti. Slaidi ni nyeusi, katikati yake kuna sentensi fupi kwa herufi nyeupe, na mtoa mada ananyamaza. Ukimya huo zamani niliuheshimu nikidhani mwenzetu anatafakari. Siku hizi najua anatupa nafasi ya kupiga picha. Na kweli simu zinanyanyuka safu kwa safu, kiasi kwamba mimi wa nyuma naiona slaidi kupitia kioo cha simu ya aliye mbele yangu, naye anaiona kupitia kioo cha aliye mbele yake, na endapo yule wa kwanza ataamua kuivuta picha karibu, sote tulio nyuma yake tunabaki na neno moja tu: "mustakabali". Nimetoka kwenye kumbi nyingi nikiwa na neno hilo peke yake.

Siwezi kusema kwamba dunia haikujaribu kuwadhibiti. Makongamano ya TED, yale ya hotuba fupi, yaliyoanza kule California mwaka 1984, yalijulikana kwa kikomo cha dakika 18, hata uwe profesa wa aina gani. Mwaka 2003, wasanifu majengo wawili mjini Tokyo, Astrid Klein na Mark Dytham, walianzisha PechaKucha, mtindo wa kutoa mada ambao una slaidi 20 zinazojisogeza zenyewe kila baada ya sekunde 20, hivyo kwa dakika 6 na sekunde 40 umemaliza, upende usipende. Watu hao wangepewa nishani ningekwenda kupiga makofi kwa hiari yangu. Lakini watoa mada wetu walipokwenda kujifunza kwa hao wa dakika 18, walichukua kutembea jukwaani, kuchomeka mkono mfukoni na kushusha sauti kila wanapokaribia kusema jambo la kawaida. Saa waliiacha hukohuko.

Na tafadhali mtu asiniambie kwamba teknolojia ndivyo ilivyo, haielezeki bila mbwembwe. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wapatao 1,000 kipanya cha kompyuta, maandishi yenye viungo vya kubofya, na mazungumzo ya video na wenzake waliokuwa Menlo Park, mji mwingine kabisa. Yote hayo, katika enzi ambayo kompyuta kwa watu wengi lilikuwa jambo la kusikia tu, aliyafanya kwa dakika 90 hivi akiwa ameketi. Narudia: alikuwa ameketi. Hakuzunguka jukwaani, hakutupa mgongo, na hakumwomba mzee wa watu achangamke. Watu walisimama wakampigia makofi, na walifanya hivyo mwishoni, baada ya kuona kitu.

Uchungu wangu unazidi ninapokumbuka kwamba mwaka 1991 Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa Wavuti (ile World Wide Web tunayofungulia kurasa), alipeleka andiko lake kuuhusu kwenye kongamano la Hypertext, la wataalamu wa maandishi yenye viungo, lililofanyika San Antonio, nalo likakataliwa. Aliruhusiwa tu kuja kuuonyesha mfumo wenyewe kwa wapita njia. Kwa maneno mengine, Wavuti, ambao bila huo hakuna hata mmoja wa hawa wataalamu wa maudhui angekuwa na kazi, haukupewa nafasi ya kuzungumza. Lakini bwana aliyegundua kwamba ukiposti watu wakiwa macho utasomwa zaidi kuliko ukiposti wakiwa wamelala, huyo hupewa ukumbi mkubwa, taa za rangi, na muziki wa kumsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Ukiniuliza uharibifu ulianza lini, nitakutajia mwaka 2007. Mwezi Machi mwaka huo, kwenye SXSW, tamasha la muziki, filamu na teknolojia mjini Austin, Marekani, watu wa Twitter (siku hizi X) waliweka skrini kubwa kwenye korido ili wapita njia wasome papo hapo yale ambayo washiriki wanaandika. Twitter ilikuwa haijatimiza mwaka tangu ifunguliwe kwa umma, na ilipata jina palepale. Mwezi Agosti, Chris Messina akapendekeza alama ya reli (#) itumike kukusanya ujumbe wa jambo moja mahali pamoja. Tangu hapo mambo yakaenda yenyewe: skrini ikatoka koridoni, ikaingia ukumbini, ikapanda jukwaani, na sasa imesimama sambamba na mtoa mada ikimnyang'anya watu mchana kweupe. Nimeshuhudia mama mmoja akieleza, kwa utulivu na kwa takwimu za kutosha, jinsi vijana wanavyoonewa mitandaoni, na katikati ya sehemu ya kusikitisha kuliko zote ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwa sababu mtu fulani alikuwa ameandika kwenye ile skrini kwamba kiyoyozi kimemgandisha hadi kope. Mama wa watu akasita, akaitazama karatasi yake, akaisoma tena sentensi ileile polepole, akitafuta kilichochekesha. Huyo alikuwa akizungumza nasi kwa dhati, pengine peke yake katika siku nzima, na sisi ndio tuliokuwa hatupo. Lakini hapo lawama naiweka kwa aliyeileta skrini, sijiweki mwenyewe.

Kuhusu Wi-Fi ya ukumbini ningeweza kuandika kitabu. Nenosiri limebandikwa kwenye nguzo moja tu, na mbele ya nguzo hiyo daima amesimama mtu mrefu. Ukilipata, unaunganishwa, alama inajaa, na hakuna kinachofunguka. Fundi mmoja alinieleza kwa subira kwamba hewa hiyo ya mawasiliano tunaigawana sote, kwamba kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kuna njia tatu tu ambazo haziingiliani, na kwamba, juu ya yote hayo, mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi hayo. Yaani nimekwenda kuwa pazia, kumbe ni pazia linalonyonya mtandao! Hata Steve Jobs yalimkuta: mwezi Juni 2010, alipokuwa akiionyesha iPhone 4 mjini San Francisco, kurasa ziligoma kufunguka, akaeleza kwamba ndani ya ukumbi ule mlikuwa na vituo vya Wi-Fi 570, akawaomba watu wazime vyao ili maonyesho yaendelee. Nami nakiri kwamba tangu nilipoisikia habari hiyo nimekuwa nikiingia ukumbini na matumaini mapya.

Matumaini yangu ni kwamba kitu kitaharibika. Sisemi kwa husuda. Nimechunguza nikaona kwamba mtoa mada huzungumza na sisi wa vitini pale tu programu yake inapokwama. Duara linazunguka kwenye skrini, linazunguka, linaendelea kuzunguka. Anabofya, anabofya tena kwa nguvu zaidi, anasema jana usiku ilikuwa inafanya kazi vizuri. Kisha uso unalegea, ile sauti ya jukwaani inamtoka, na kwa mara ya kwanza anayashusha macho kutoka kwenye kamera hadi kwetu. "Jamani, kuna mwenye intaneti anirushie kidogo?" Jamani! Ndipo tunapokuwa watu. Mmoja anampa intaneti, mwingine anamshauri azime awashe, wa tatu anauliza swali la maana sana kuhusu kilichokwama, naye anajibu vizuri, bila slaidi, kwa lugha ya kueleweka, na katika zile dakika chache tunajifunza kuliko asubuhi nzima. Mwezi Aprili 1998, mjini Chicago, Windows 98, programu ya kuendeshea kompyuta, ilimwangukia Bill Gates wa Microsoft jukwaani ikabaki skrini ya buluu baada ya msaidizi wake kuchomeka skana, naye akatania kwamba bila shaka ndiyo maana bado hawajaanza kuiuza. Yeye angalau alikuwa akizungumza na waliokuwapo. Wetu wakishapata mtandao tu, macho yanarudi kwenye kamera na mkono unarudi mfukoni.

Majopo nitayapita haraka, kwa sababu hata yenyewe hayana mengi. Wataalamu wanne wamekaa kwenye makochi marefu kiasi kwamba miguu ya mmoja wao haifiki chini, na kila mmoja anaanza kwa kukubaliana na mwenzake aliyetangulia. Swali likiwa gumu, jibu ni akili mnemba. Swali likiwa jepesi, jibu ni akili mnemba pia, ila kwa tabasamu. Mwishoni mshereheshaji anatangaza kwamba muda umetutupa mkono na kwamba zimebaki dakika tano za maswali, na kipaza sauti kinakabidhiwa bila kukosea kwa yule mshiriki asiye na swali bali "mchango mdogo wenye sehemu tatu". Nilikuwa namchukia mtu huyu. Nimeacha. Ndiye pekee kati yetu aliyegoma kuwa pazia, na kama ingekuwa lazima aeleze historia ya kampuni yake tangu ilipokuwa wazo, basi na aeleze; angalau ametugeukia.

Sasa cha kustaajabisha ni kwamba kongamano likiisha, ghafla wanayataka maoni yetu. Cheti cha ushiriki hakitolewi mpaka ujaze fomu, na fomu inafunguliwa kwa kupiga picha ya msimbo ulioonyeshwa kwenye slaidi ya mwisho kwa muda unaotosha kutafuta simu lakini hautoshi kuitoa. Nilipoipata, swali la kwanza lilikuwa, kwa kipimo cha 0 hadi 10, ningependekeza kongamano hili kwa rafiki yangu kiasi gani. Kipimo hicho nakifahamu. Mshauri wa biashara Fred Reichheld alikitangaza mwaka 2003, na hesabu yake haina huruma: anayetoa 9 au 10 ni mpiga debe, wa 7 na 8 wanaachwa kando, na wa 6 kushuka chini anaandikwa mpinzani sawasawa na aliyetoa 0. Nikatoa 6 kwa makusudi, nikasogea mbele.

Swali la pili lilinitaka nieleze jambo moja nililojifunza. Nikaandika, "Hakuna." Mfumo ukanijibu kwa maandishi mekundu kwamba jibu langu ni fupi mno, na kwamba herufi zisipungue 150. Hebu fikiria, ndugu yangu! Watu hawahawa ndio waliotubana miaka nenda rudi kwenye herufi 140 za Twitter, ndoa zikatangazwa humo na serikali zikatukanwa humo, hadi 2017 walipotuongezea zikawa 280. Leo, siku ambayo sina la kusema, ndiyo siku wanayotaka niseme kwa kirefu. Nikatazama huku na huko, nikaandika neno "mustakabali", nikalirudia, nikaendelea kulirudia mpaka kisanduku kikageuka kijani, na cheti kikaja papo hapo.