Huyo kiini "huru" mnayemtafuta

Jana mwenzangu kazini kanigeuzia skrini, kidole kikagonga mchoro mahali pamoja: uzi (mfululizo mmoja wa kazi za programu) umekwama kwenye foleni, pembeni yake viini vitatu vya prosesa vimekaa bure. "Skedula ya Linux mbovu hii. Kuchagua kilicho huru kuna ugumu gani?"

Ugumu upo, ndugu yangu, na umejificha kwenye hilo neno "huru".

Uzi uliokuwa umelala ukiamka, skedula, yaani sehemu ya mfumo inayozigawia nyuzi viini, hutazama kwanza karibu: kiini cha uzi uliouamsha, au kile ulichokitumia mara ya mwisho, maana huko data zake huenda bado ziko kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na kiini. Vikiwa na shughuli, ndipo inapobisha mlango kwa mlango kwa viini vinavyotumia kashe moja. Kiini kimoja mara nyingi huwa na pacha wawili, kila mmoja akiendesha uzi wake; inatafuta kiini kizima, ambacho pacha wote wawili wamepumzika. Kikikosekana, hata nusu itafaa. Sasa kila mlango una gharama yake. Hali ya kiini kingine inasomwa kwenye kumbukumbu ambayo mwenyewe anaibadilisha kila wakati, kwa hiyo lazima ivutwe upya. Tuseme kazi yenyewe ni ya mikrosekunde 3, nawe umemaliza 4 ukiitafutia kiti. Hongera sana! Na ukikipata, pengine kimelala usingizi mzito wa kuokoa umeme. Kukiamsha peke yake huweza kula makumi ya mikrosekunde. Foleni fupi ingekuwa imeshakwisha.

Haya, nikubali kidogo. Mwaka 2016 watafiti walionyesha Linux ikiacha viini bila kazi huku nyuzi zikisubiri, tena si kwa muda mfupi. Zile zilikuwa hitilafu za kweli na wenye hasira walikuwa na haki. Lakini dawa yake si kupekua mashine nzima kila uzi unapopiga chafya.

Ndiyo maana nilifurahi watengenezaji wa Linux walipoleta, mwaka 2022, utaratibu wa kupunguza upekuzi kadiri mzigo unavyopanda. Ukifika kama asilimia 85, skedula haihangaiki tena. Nyumba imejaa, unabisha hodi ya nini?

Mwenzangu hakushawishika. Jioni kaandika kiraka chake, yaani badiliko la msimbo wa skedula, cha kupekua viini vyote. Mashine ikiwa tupu, kilikwenda vizuri. Tulipoijaza, skedula yenyewe ikapanda hadi kileleni mwa orodha ya wanaokula muda wa prosesa.

Anasema ataongeza mistari michache tu.